Kupanda Bujora na kurudi siku hiyohiyo: ngoma, sato na michembe

Bujora ni kilima cha mawe pale Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma. Huko juu ndiko yaliko Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada.

Hatua ya 1: Usafiri. Panda daladala ya Kisesa asubuhi. Muulize konda kama inafika kweli. Zipo zinazogeuzia Igoma, na hapo utalipa nauli mara mbili.

Hatua ya 2: Agiza chakula kabla hujapanda. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanashuka saa nane na njaa zao, wanakuta waliobaki ni samaki waliokaangwa tangu asubuhi. Omba mama lishe akuoneshe sato mbichi. Funua shavu, ndani pawe pekundu. Bonyeza mnofu kwa kidole. Pakibaki shimo, mwache. Mwambie: "Mama, huyu niwekee chukuchuku, nashuka saa saba." Nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi vinamtosha, mafuta hayahitajiki. Kama kuna ugali wa udaga, yaani wa unga wa muhogo, achana na sembe, hiyo utaikuta kokote.

Hatua ya 3: Kilimani. Kutoka barabarani hazifiki kilomita 2, kwa mguu au bodaboda. Chukua mwongozaji. Bila yeye utaona vigoda na ngoma tu, hutajua ipi ilikuwa ya mtemi (chifu) gani. Anzia jengo la watemi, lenyewe limejengwa kwa umbo la kigoda. Kaa zaidi kwenye habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani wa tangu zamani: wanacheza kwa wakati mmoja, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Ndiyo maana dawa za mvuto nazo zina nafasi yake humo. Ukitaka kuwaona uwanjani, njoo Juni, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Siku za kawaida ngoma huagizwa mapema. Uhunzi na kanisa la duara vitakuchukua muda mfupi.

Hatua ya 4: Sokoni, ukishakula. Usichanganye: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, matobolwa vimechemshwa kwanza, na unaweza kuyatafuna hivyohivyo. Vunja kipande kimoja. Kikipinda hakijakauka, kitaota ukungu ndani ya mfuko. Vyenye vitundu na unga unga vimeshaliwa na wadudu.

Hatua ya 5: Jikoni. Osha nusu kilo ya michembe, loweka saa moja, kisha chemsha kwa maji yanayoifunika tu. Ikilainika, punguza moto ndipo utie glasi moja ya karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Ukizitia mapema zinashika chini na sufuria yote inanuka moshi. Koroga dakika kama tano, epua, kula na maziwa mgando. Sukari usitie.