Kupima kama mafuta ya karafuu yanaweza kuhifadhi krimu

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu wa maabara aliyepata sahani tupu, yaani zisizoota bakteria wowote, siku nzima, akaamini kwamba krimu yake imekwisha kupata kihifadhi cha asili. Sikumcheka, kwa kuwa kosa hilohilo niliwahi kulifanya mimi. Nachukulia kwamba msomaji anajua kuotesha bakteria na kufanya kazi bila kuchafua sampuli.

Hatua ya 1: Chunguza malighafi. Nguvu ya mafuta ya karafuu hutokana hasa na yujenoli, kemikali iliyomo ndani yake, kwa hiyo dai hati ya uchambuzi inayoonyesha kiwango chake. Dondoo la mbegu za balungi silitumii kabisa, kwani baadhi ya bidhaa zake za kibiashara zilipochambuliwa zilikutwa na benzethoni kloridi, ambayo ni kemikali ya viwandani. Vitamini E nayo huzuia mafuta yasichache, haizuii bakteria.

Hatua ya 2: Pima mafuta peke yake. Tumia mchuzi wa kuoteshea wenye viwango vinavyopungua kwa nusu. Vidonge vya karatasi vilivyolowekwa mafuta na kuwekwa juu ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria) sivipendi, kwa sababu mafuta tete hayasambai vizuri katika agari yenye maji mengi na sehemu yake hupotea hewani, hata ukubwa wa duara lisiloota bakteria kuzunguka kidonge usikueleze jambo la maana.

Hatua ya 3: Tengeneza krimu mbili, moja yenye mafuta ya karafuu na nyingine isiyo nayo.

Hatua ya 4: Hakikisha unaweza kuizima dawa, yaani kuyazuia mafuta ya karafuu yasiendelee kufanya kazi wakati wa kuhesabu bakteria. Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Ukichukua gramu 1 ya krimu yenye asilimia 0.5 ya mafuta na kuichanganya na mililita 9 za kimiminika, bado unabaki na asilimia 0.05, kiasi kinachoweza kuzuia baadhi ya bakteria wasikue kwenye sahani ingawa ndani ya krimu walikuwa hai. Sahani tupu basi inaweza kumaanisha kwamba bakteria wamekufa, au kwamba umewabebea dawa hadi kwenye agari, na kwa macho huwezi kutofautisha.

Mimi huanza na kimiminika cha kuzima chenye gramu 30 za polisobeti 80 na gramu 3 za lesithini (vitu vinavyounganisha mafuta na maji) kwa lita moja, ambavyo huifunga yujenoli. Hata hivyo, usikiamini kabla ya kukijaribu. Weka seli 100 hivi za kimelea katika kimiminika cha kawaida, nyingine 100 katika kimiminika cha kuzima pekee, na nyingine 100 katika kimiminika cha kuzima kilichokwisha kuchanganywa na krimu. Idadi ya makoloni (madoa ya vimelea vilivyoota) katika majaribio mawili ya mwisho isipungue nusu ya ile ya kwanza. Rudia kwa kila aina ya kimelea, maana kinachomfaa *Staphylococcus aureus* huenda kisimfae *Candida albicans*. Ikishindikana, ongeza uwiano wa kimiminika, au chuja sampuli kwa utando na kuisuuza.

Polisobeti hiyohiyo inayokusaidia hapa ni adui yako ikiwa imo ndani ya krimu kama kiunganishi cha mafuta na maji, kwa kuwa huifungia yujenoli mbali na maji, mahali bakteria wanapoishi. Ndiyo maana kiwango kilichotosha katika mchuzi mara nyingi hakitoshi katika krimu.

Hatua ya 5: Ambukiza krimu na uhesabu. ISO 11930, kanuni ya kimataifa ya kupima uhifadhi wa vipodozi, hutumia vimelea vitano: wawili niliowataja, pamoja na *Pseudomonas aeruginosa*, *Escherichia coli* na *Aspergillus brasiliensis*. Hesabu siku ya 7, 14 na 28. Kwa kigezo cha juu, bakteria wanapaswa kupungua angalau mara 1,000 kufikia siku ya 7, kisha wasiongezeke.

Hatua ya 6: Krimu ikishindwa. Mara nyingi *Pseudomonas* ndiye atakayeiangusha, kwa kuwa utando wake wa nje hupitisha dawa kwa shida. Usikimbilie kuongeza karafuu, kwa sababu yujenoli inajulikana kusababisha mzio wa ngozi. Ni afadhali ushushe pH (kipimo cha uasidi) hadi karibu 5 na kuongeza vihifadhi vya sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti, ambavyo hupoteza nguvu pH inapopanda, kisha urudie hatua ya 4 kwa mchanganyiko mpya.