Kumtazama nzohe kutoka mafichoni

Kwa kuwa uwindaji umepigwa marufuku nchini Kenya tangu mwaka 1977, anayemvizia nzohe katika Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa Swamp, karibu na Kitale, hubeba kamera au darubini tu. Panda ulingo wa mbao kabla ya jua kuchomoza, kwa maana swala huyu wa kinamasi hujitokeza zaidi alfajiri na jioni, na mchana mara nyingi hujificha ndani ya matete. Keti nyuma, kivulini, badala ya kuegemea ukingo. Nguo za rangi iliyokolea hukuficha, ilhali shati jeupe, hata liwe lile zuri la kwenda kanisani, huonekana kutoka mbali. Jambo la kuchunga zaidi, kwa maoni yangu, ni upepo, kwa sababu mnyama akishakunusa hatatoka hata ukitulia kama gogo: dondosha vumbi kidogo uone linakopeperushwa, na likielekea kwenye matete, hamia ulingo mwingine. Simu izimwe sauti na mwanga. Mvua ikitarajiwa, chukua koti lisilochakarika unapojigeuza.