Jinsi ya Kuandika Taarifa ya Wiki ya Mechi za Dominions Bila Kuvujisha Siri za Wachezaji

Mechi ya Dominions haimalizwi kwa kikao kimoja. Katika mchezo huu wa mikakati wa kifantasia, uliotengenezwa na Illwinter ya Uswidi na ambao toleo lake la 6 lilitoka mwaka 2024, kila mchezaji huongoza taifa moja pamoja na mungu anayewania kuwa mungu mkuu wa dunia nzima. Wachezaji wote hutoa amri zao kwa siri na kuzituma kwenye seva, na muda wa zamu ukiisha, amri hizo hutekelezwa zote kwa mkupuo mmoja. Zamu ikipewa saa 24, wiki hubeba zamu 7. Ikipewa saa 48, wiki hubeba zamu 3 au 4, na mechi ya zamu 70 itachukua takriban wiki 20. Katika muda mrefu kiasi hicho wachezaji husahau vita vilianza lini, watazamaji hupoteza uzi wa habari, na msimamizi anayeendesha mechi kadhaa kwa wakati mmoja huanza kuzichanganya. Taarifa ya kila wiki ndiyo inayoziba pengo hilo.

Kazi yake ni kueleza nguvu zimehama kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na kwa sababu gani, bila kumpa mchezaji yeyote jambo ambalo mchezo wenyewe ulimficha. Sharti hili la pili ni zito kuliko la kwanza. Taarifa kavu humchosha msomaji kwa dakika chache, lakini taarifa inayovujisha siri huweza kubatilisha kazi ya miezi mitatu ya mtu aliyekuwa akicheza kwa uaminifu.

Ili kuelewa uzito huo, ni lazima ukumbuke kwamba katika Dominions habari ni silaha kama upinde na uchawi. Mchezaji huona vizuri majimbo yake, huona kwa kiasi maeneo ambako imani ya mungu wake imeenea, na kwingineko hutegemea wapelelezi aliowatuma. Kwa hiyo kabla ya kuandika neno lolote, gawa kila unachokijua katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni mambo ya wazi, yaani yale ambayo mchezo huwatangazia wote: taifa limeangamia, kiti cha enzi, kile chenye pointi za ushindi, kimetwaliwa, mchawi fulani ameweka uchawi unaofunika dunia nzima. Grafu za nguvu za mataifa huingia katika fungu hili iwapo tu muundaji wa mechi aliziruhusu tangu mwanzo. Fungu la pili ni mambo ya kukawizwa, kama vile njia iliyopitwa na jeshi, idadi ya walinzi wa ngome, au jina la kamanda aliyefia vitani mahali ambapo mataifa mengine hayakuwa na macho. Fungu la tatu ni mambo yaliyofungwa hadi mechi iishe: muundo wa mungu wa kila taifa, masharti ya mikataba ya siri, na mipango ambayo mchezaji amekueleza kwa kukuamini.

Ucheleweshaji wa fungu la pili uhesabiwe kwa zamu, si kwa siku. Mechi nyingi huanza kwa zamu za saa 24 na kupewa muda mrefu zaidi mataifa yanapokuwa makubwa, hivyo wiki mbili za mwanzo wa mechi hazilingani hata kidogo na wiki mbili za mwisho wake. Mimi hutumia zamu 10. Kiwango hiki si amri ya mtu yeyote. Nilikifikia baada ya kosa ambalo bado linaniuma. Niliandika katika taarifa moja kwamba upande wa kusini wa taifa fulani ulibaki bila jeshi, nikidhani kuwa jirani yake alikwisha kulijua jambo hilo. Hakulijua. Mwenye taifa alikuwa amemtisha jirani huyo kwa barua za kujiamini na walinzi wachache waliopangwa mpakani, na mbinu hiyo ilimlinda mpaka siku taarifa yangu iliposomwa. Zamu 3 baadaye majimbo yake ya kusini yalikuwa yametekwa. Hakuna maelezo niliyoweza kutoa ambayo yangemrudishia.

Kutokana na hali hiyo, mwandishi anayefaa zaidi ni mtu asiyecheza katika mechi anayoiandikia, au mchezaji ambaye taifa lake limekwisha kuangamia na ambaye hana rafiki wa kumsaidia wala adui wa kulipiza kisasi. Ikiwa wewe mwenyewe bado unacheza, andika mambo ya wazi peke yake, na useme hivyo katika mstari wa kwanza.

Ukusanyaji wa habari uanze na daftari moja kwa kila mechi, lenye safu kwa kila zamu. Andika namba ya zamu kwanza, kwa sababu tarehe ya kalenda haimwambii kitu mchezaji anayetaka kulinganisha kumbukumbu zako na faili zake. Kisha ongeza mwezi wa ndani ya mchezo, kwa kuwa zamu moja ni mwezi mmoja na majira yana athari: mwishoni mwa majira ya baridi makamanda wazee huweza kuugua, na taifa lenye wachawi wengi wa umri mkubwa huweza kupoteza nguvu bila vita yoyote kutokea. Baada ya hapo orodhesha ngome zilizobadilisha mkono, viti vya enzi, uchawi wa dunia uliowekwa au uliovunjwa, na mataifa ambayo amri zake hazikufika kwa wakati. Funga daftari siku ileile na saa ileile kila wiki, ila usilifunge katikati ya zamu. Subiri zamu ichakatwe, la sivyo nusu ya habari itaangukia wiki hii na nusu nyingine wiki ijayo.

Wachezaji waulizwe maswali machache, nami huona mawili yanatosha: ni tukio gani la wiki hii lililobadilisha mpango wako, na ni jambo gani ungependa lisitajwe bado? Usiulize kamwe kuhusu zamu ijayo. Jibu lake litakulemea, na hata ukilinyamazia, uchaguzi wako wa maneno utaanza kulionyesha. Anza kumuuliza aliyeshindwa kabla ya mshindi. Mshindi hueleza kwamba alishinda kwa sababu ya ujasiri wa jeshi lake, ilhali aliyeshindwa ndiye anayejua kwamba wachawi wake waliishiwa vito vya kurogea zamu mbili kabla ya vita hiyo.

Grafu zikiruhusiwa, zisome kwa tahadhari kubwa, maana hapo ndipo taarifa nyingi hupotoka. Chukua mfano wa taifa la Ermor katika zama za kati za mchezo, dola ya wafu. Imani yake huua wakazi wa majimbo inamoenea, kwa hiyo mapato yake ya dhahabu hushuka kadiri inavyopanuka, na msomaji wa juujuu atasema kwamba inadhoofika. Ukweli ni kinyume, kwa sababu majeshi yake ya wafu hujitokeza yenyewe bila kulipiwa dhahabu, na kila mwezi ambao majirani wanasita huiongezea askari. Mstari wa mapato unaoporomoka kwa Ermor huweza kuwa dalili ya hatari kwa wengine wote. Vivyo hivyo, mstari wa ukubwa wa jeshi hauelezi ubora wa silaha, wala hautaji kamanda mmoja aliyevishwa vifaa vya uchawi na kuweza kuliangamiza kundi zima la wanamgambo peke yake. Mstari ninaoutazama kwanza ni wa utafiti. Kuna shule 7 za uchawi, na kila moja hupanda hadi ngazi ya 9. Taifa linaloonekana dogo kwenye ramani lakini linaloongoza katika utafiti huwa linajiandaa kwa vita ambavyo jirani yake hana kinga navyo. Idadi ya majimbo, ambayo waandishi wengi huipa nafasi ya mbele, naipa umuhimu mdogo baada ya mwaka wa pili wa mchezo.

Unapoeleza vita, fuata mpangilio ambao kompyuta hutumia kutekeleza amri. Uchawi wa kiibada, yaani ule unaofanywa nje ya vita, hutangulia, ndipo majeshi husogea. Jambo hili hubadilisha maana ya tukio zima. Tuseme jeshi la taifa la Ulm liliamriwa kuondoka jimboni, lakini wachawi wa adui wakajihamishia kwa uchawi katika jimbo hilohilo. Ulm itapigana pale ilipokuwa, kabla ya kupiga hatua moja. Mwandishi asiyejua mpangilio huo ataandika kwamba Ulm ilizembea, wakati ambapo mchezaji wake alikuwa amekwisha kutoa amri sahihi na akatanguliwa na hatua ya mapema zaidi ya zamu. Itazame vita yenyewe ikiwa umepewa faili, kisha hesabu makamanda na wachawi waliokufa kabla ya kuhesabu askari. Askari wa kawaida huajiriwa tena mwezi unaofuata. Wachawi kumi waliopotea huondoka na uwezo wa utafiti na wa vita ambao taifa liliukusanya kwa mwaka mzima.

Katika uandishi wenyewe, anza na badiliko, kisha sababu, kisha kile kilichobaki wazi. Mechi zisigawiwe nafasi sawa. Kama mechi ya kwanza ilikuwa na vita kubwa na ya pili wachezaji walikuwa wakijenga ngome, ipe ya kwanza aya tatu na ya pili sentensi moja. Mfano wa ingizo, lenye mataifa ya Caelum na Marignon, unaweza kuwa hivi:

“Zamu ya 41 hadi ya 44. Caelum imetwaa kiti chake cha tatu cha enzi na sasa ina pointi 4 kati ya 7 zinazohitajika. Uchawi wa giza uliowekwa zamu ya 38 bado upo. Habari ya kukawizwa, zamu ya 33: Marignon ilipoteza wachawi 8 katika kuzingirwa kwa ngome yake ya kaskazini, na hiyo ndiyo sababu ya ukimya wake katika majimbo ya milimani tangu wakati huo.”

Ingizo hilo ni fupi, lakini kila sentensi yake ina tarehe ya zamu, ina chanzo kinachokubalika, na haisemi nani atashinda. Hilo la mwisho ni la kusudi. Katika mechi ambayo kila mmoja anacheza dhidi ya wote, kumwita mtu “anayeongoza” ni kitendo chenye nguvu, kwa kuwa majirani zake husoma neno hilo na kuanza kuungana dhidi yake. Pointi za viti vya enzi zitajwe kama namba, kwa sababu ni jambo la wazi na ndizo zinazoamua ushindi. Hukumu iachwe kwa wachezaji. Pale ambapo grafu zimefichwa, hata kivumishi kama “tajiri” au “dhaifu” ni siri iliyovuja.

Diplomasia inahitaji uangalifu wa namna yake. Wachezaji hufunga mikataba ya kutoshambuliana, mara nyingi yenye sharti la kutoa notisi ya zamu 3 kabla ya kuivunja, na kwa kawaida mchezo wenyewe haumlazimishi mtu kuitimiza. Usiandike kwamba mkataba umevunjwa mpaka pande zote mbili zikubali kwamba ulikuwepo na masharti yake yalikuwa yapi, na neno “usaliti” liachie wahusika. Wakitaka kutoa matamko kwa sauti ya miungu yao, yachapishe, lakini yatenge na habari kwa kichwa chake chenyewe ili msomaji ajue kwamba anasoma propaganda. Desturi hii ina mizizi mirefu: John Boardman alipoanzisha jarida la Graustark mwaka 1963 kwa ajili ya kuendesha mechi za Diplomacy, mchezo wa ubaoni, kwa njia ya posta, matokeo ya zamu yalifika kwa wachezaji kwa maandishi, na katika majarida ya namna hiyo matamko ya watawala wa kubuni yakawa sehemu ya burudani yenyewe.

Mchezaji akikosa kutuma amri, andika tu kwamba taifa lake halikutoa amri mpya katika zamu hiyo, bila kueleza sababu, hata kama unaijua. Akijiondoa na nafasi yake kuchukuliwa na mwingine, taja zamu ya makabidhiano, kwa kuwa mabadiliko ya mbinu baada ya hapo hayataeleweka bila taarifa hiyo.

Kosa likigunduliwa, lirekebishe juu kabisa ya taarifa inayofuata, ukitaja zamu na sentensi iliyokuwa na kosa. Usiifute kimyakimya taarifa ya zamani, kwa sababu huenda kuna mchezaji aliyekwisha kuamua jambo kwa kuitegemea, naye ana haki ya kujua ni wapi alipotoshwa.

Mechi ikiisha, waombe wachezaji ruhusa mmoja mmoja kabla ya kulifungua fungu la tatu; aliyeshindwa zamu ya 15 huenda anapanga kutumia muundo uleule wa mungu katika mechi ijayo. Waliokubali wakutumie faili zao za zamu ya mwisho mapema, kabla seva haijazifuta, nawe andika kando ya kila faili toleo la mchezo lililotumika.