Mpelekee mshauri wa mikopo daftari kabla hujasaini

Ushauri wa taasisi za mikopo midogo huinua biashara pale mshauri anapoziona namba zako. Ukienda mikono mitupu, utapewa somo la jumla kuhusu akiba, kisha fomu.

Andika daftari siku 30 mfululizo. Kila jioni ingiza mauzo (taslimu na ya simu), manunuzi, matumizi na ulichochukua kwa ajili ya nyumbani. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika na ndicho kinachokula mtaji. Hata unga uliotoa dukani uandikwe, kwa bei ya kununulia.

Tumchukue mama lishe wa Dar es Salaam anayeuza 120,000 kwa siku. Vyakula na mkaa 85,000, msaidizi 10,000, eneo 5,000, nyumbani 12,000. Zinabaki 8,000, kwa siku 26 ni 208,000. Anataka milioni 1 kwa miezi 6, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Hapo mwulize mshauri: riba inahesabiwa kwenye mkopo wote mpaka mwisho, au kwenye deni lililobaki? Kwa njia ya kwanza riba ni 210,000, kwa ya pili 122,500, mkopo ukigawanywa sawa kwa miezi 6. Rejesho la kwanza ni 201,667 kwa zote mbili, ndiyo maana wengi hawaoni tofauti. Omba ratiba ya marejesho yote, iliyoandikwa, pamoja na ada za fomu na bima.

Kwa vyovyote, mkopo huo ni mkubwa mno kwake: mvua ya siku mbili tu, rejesho halitimii. Tunashauri rejesho lisizidi nusu ya kinachobaki sasa, bila kuhesabu faida ambayo bado haijaingia. Kwake ni 104,000, yaani mkopo wa 500,000 hivi. Afisa anayepimwa kwa ukubwa wa mikopo aliyotoa anaweza kukusukuma uchukue zaidi, kataa.

Hakikisha pia taasisi ina leseni. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni za mikopo zisizopokea amana zinasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania. Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa, haina mshauri, ina mdai.

Baada ya miezi 3 rudi na daftari. Mauzo yakiwa yamepanda na kinachobaki kiko palepale, angalieni bei na vipimo: pima kilo moja ya mchele inatoa sahani ngapi, panga bei upya, ndipo uzungumzie mkopo wa pili.