Gari imelipuka kwenye ekzosi, ikazima, haiwaki tena
Jamani kama gari imekulipukia kwenye ekzosi halafu ikazima Jinja Road, Kampala, kwenye jamu ya jioni, usipige stata mpaka betri iishe. Isukumeni pembeni, washa taa za hazadi. Injini ya petroli inataka mafuta, hewa na moto wa plagi, tena kwa wakati wake. Fungua swichi bila kupiga stata, sikiliza huko nyuma kwenye tangi, gari nyingi za injekta pampu inanguruma sekunde mbili hivi, ikiwa kimya angalia fyuzi na rilei (swichi ya umeme) ya pampu. Moto wa plagi acha fundi apime, usishike waya, koili, ile inayotengeneza umeme wa plagi, inatoa maelfu ya volti.

Sasa hili la muhimu: stata ikizungusha injini kirahisi kupita kawaida, kama haina kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), acha hapo hapo, taiming belti (mkanda unaofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) huenda imekatika au imeruka meno na kwa injini nyingine valvu zinagonga pistoni, ukilazimisha unaongeza hasara. Ila kama ilizima injini ikiwa imepata joto na ikipoa inawaka, mimi nashuku sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari injini inavyozunguka. Makanika akitaka kubadilisha plagi zote kabla hajapima chochote, mkatalie.