Namna ya Kupunguza Metali Nzito katika Mchicha wa Bonde la Msimbazi

Mchicha unaomwagiliwa maji ya Mto Msimbazi, jijini Dar es Salaam, unaweza kunawiri hadi ukapendeza ilhali majani yake yamebeba risasi au kadimi. Metali hizi hazina harufu, haziozi udongoni, wala hazitoki mboga inapochemshwa, na risasi hudhuru hasa ubongo wa mtoto anayekua.

Anza kwa kuufuata mto kuelekea unakotoka, juu ya bustani yako, ukitazama kila mfereji unaomwaga maji ya viwanda au gereji. Kisha pima. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za bustani, kina cha sentimita 20, kwa kijiti au koleo la plastiki, kwa kuwa bati na vyombo vilivyopakwa zinki huchafua sampuli. Changanya vyote katika ndoo safi ya plastiki, utoe takriban kilo moja, uianike kivulini. Chupa ya kuchukulia sampuli ya maji isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale ya mto kabla ya kujazwa. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali iko hapohapo jijini, na wakulima wakichangishana, gharama hupungua.

Majibu yakija, linganisha: mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa maji ya umwagiliaji ni miligramu 0.01 ya kadimi kwa lita, na kiwango cha juu cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimi kwa kilo. Maji yakizidi kiwango hicho, hamia kisima kilichopimwa au maji ya mvua.

Udongo wenye asidi huachia kadimi kwa urahisi ikaingia mizizini, kwa hiyo weka chokaa hadi pH (kipimo cha asidi) ifike karibu 6.5, na uongeze samadi iliyooza vizuri. Dawa hii huifunga kadimi tu, haiiondoi. Pima pH tena kila mwaka.

Wengi huchovya mafungu ya mchicha mtoni ili yaonekane mabichi sokoni, na hapo tope lenye risasi hurudi juu ya jani. Osha kwa maji ya bomba, ingawa kilichokwisha kuingia ndani ya jani hakitatoka.

Udongo ukiwa umechafuka kiasi, bamia na nyanya ni afadhali, kwa sababu matunda hubeba metali kidogo kuliko majani. Ukiwa umechafuka mno, otesha maua au miche ya miti ya kivuli.