Una mall au hoteli yenye uwazi katikati? Kagua moshi utapitaje

Kama unasimamia jengo lile la ukiingia tu unaona hadi paa la kioo juu, basi una dohani kubwa ndani na watu wananunua nguo pembeni yake. Moto ukiwaka chini, wa juu ndo wanaanza kukosa pumzi. Hoteli ya MGM Grand kule Las Vegas, Novemba 1980, moto ulianzia mgahawa wa chini wakafa watu 85, wengi walikuwa ghorofa za juu, moshi ulipanda kwa mashimo ya lifti na ngazi.

Anza na feni za paani, zile za kuvuta moshi nje. Fundi aziwashe, wewe simama mlango wa chini na tishu mkononi. Ikivutwa ndani taratibu sawa, ikining'inia tu hamna kitu, hizo feni zitavuta nini kama hewa haiingii? Ikipepea kwa fujo nayo mbaya, hewa ya kuingilia chini isizidi kama mita 1 kwa sekunde, la sivyo inauvuruga moshi. Halafu rudia kwa jenereta, maana siku yenyewe umeme utakatwa.

Ditekta za moshi ndo wengi wanachemka, wanafunga paani tu. Sasa moshi ukipanda unachanganyika na hewa unapoa, na jua la saa nane likishapiga kile kioo hewa ya pale juu inakuwa ya moto kuliko moshi, basi moshi unakwama katikati, unatambaa kwenye maduka ya ghorofa ya tatu na ditekta ya juu haina habari. Funga zile za mwale, zinazorusha mwanga na kulia moshi ukiuziba, ukuta hadi ukuta, kwa urefu tofauti. Springla, vile vinyunyizia maji vya darini, za paa refu hivyo usizitegemee, joto linazifikia limeshapoa.

Pale chini katikati pasigeuzwe stoo. Mti wa Krismasi wa plastiki, mahema ya promosheni, jiko la gesi la kuonjesha watu chapati, vyote kuni hizo.

Milango ya ngazi ijifunge yenyewe. Kuna jengo nilikuta mlango umeegeshwa na mtungi wa kuzimia moto ili usijifunge, nilicheka kwanza ndo nikautoa.

Walinzi wafundishwe: hakuna lifti, hakuna eskaleta, watu wapite ngazi za pembeni, moshi ukiwakuta wainame. Na kwa Tanzania wapige 114 kwanza, bosi atafutwe baadaye.